Nyumbu aliyetoka ndani ya yai: GCC, EGCS na karatasi za Boston

Nembo ya GCC, kompaila huru (programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa maagizo ya mashine), ni nyumbu anayetokeza kichwa kutoka ndani ya yai. Kwa sisi tunaowaona nyumbu wakivuka mto Mara kila mwaka, hata kama ni kwenye televisheni tu, picha hiyo ni kichekesho: nyumbu hatagi. Lakini mchoraji alijua anachofanya. Nyumbu, ambaye kwa Kiingereza ni gnu, ni GNU, mradi wa programu huru alioutangaza Richard Stallman mwaka 1983. Yai ni EGCS, kompaila iliyojitenga na GCC mwezi Agosti 1997, ambayo wenyewe walilitamka jina lake kama "mayai" ya Kiingereza. Miezi 20 baadaye, Aprili 1999, huyo aliyejitenga ndiye aliyekabidhiwa GCC yenyewe.

Kisa hiki husimuliwa sana, na karibu kila mara kwa namna ileile: wazee walibana mlango, vijana wakatoka nje, uwazi ukashinda. Si uongo. Ila usimulizi huo unaruka swali ambalo mimi ndilo linalonishughulisha. Miradi ya programu huru hugawanyika kila leo. Mtu ananakili msimbo, anabadili jina, kazi imekwisha. Mbona huu ulirudi kuwa mmoja, tena bila mahakama na bila nusu ya kazi kutupwa?

Nianze na mstari mmoja. Ukiwasha kompyuta yenye Red Hat 6.0, mfumo endeshi wa Linux uliotolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 1999, kiini cha Linux (sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine) kilijitambulisha na kutaja kompaila iliyokijenga. Sehemu hiyo ilisomeka hivi:

gcc version egcs-2.91.66 19990314/Linux (egcs-1.1.2 release)

Mstari mmoja, majina mawili, namba mbili. Programu inaitwa gcc, halafu inasema ni egcs. Toleo ni 1.1.2, halafu tena ni 2.91.66. Ile ya 1.1.2 ilikuwa ya kutangazia watu. Ile ya 2.91 ndiyo iliyokuwa ndani ya msimbo, na ilikuwa inaendeleza hesabu ya GCC. EGCS 1.0 ilikuwa 2.90 kwa ndani, 1.1 ikawa 2.91, wakati GCC rasmi ilikuwa imefika 2.8.

Kulikuwa na sababu ya kiufundi. Programu nyingi za lugha ya C huiuliza kompaila umri wake kupitia makro mbili (majina ambayo kompaila yenyewe huyajaza namba), __GNUC__ na __GNUC_MINOR__, kisha huamua zitumie nini na ziache nini. EGCS ingejibu "mimi ni 1.0", programu hizo zingeiona kama kikongwe kilichotangulia GCC 2 na kuinyima kila kitu kipya. Kwa hiyo ililazimika kujibu "2". Lakini walichagua 90, si 8 wala 9. Waliacha nafasi tupu katikati na kukaa mbele ya njia ambayo GCC rasmi ingepita. Mimi nasoma hapo dalili ya watu waliokwisha kuhifadhi kiti cha kurudia.

Kabla ya Agosti

GCC ilitoka mara ya kwanza mwaka 1987, ikijua C tu. Mwaka huohuo Michael Tiemann akaiandikia C++. Mwaka 1989 yeye, John Gilmore na David Henkel-Wallace wakaanzisha Cygnus huko California, kampuni iliyoishi kwa programu huru wakati watu wengi wakiamini hilo haliwezekani. Biashara yenyewe haikuwa na miujiza. Mtengenezaji wa prosesa mpya anataka GCC iijue prosesa yake, anailipa Cygnus, Cygnus inaandika sehemu inayohitajika. Kila mkataba uliacha rundo la viraka, yaani vipande vya mabadiliko ya msimbo. Kwa nadharia, viraka hivyo vilitakiwa kurudi kwenye shina rasmi, nakala kuu ya msimbo.

Hapo ndipo foleni ilipoanzia. Shina rasmi la GCC 2 lilikuwa na mlango mmoja, na mtunzaji wake alikuwa Richard Kenner wa Chuo Kikuu cha New York. Ghala la msimbo halikuwa wazi kwa umma, na mazungumzo yaliyoamua mambo yalikuwa ya kikundi kidogo. Ukituma kiraka, unasubiri. Kikikataliwa, pengine hujui kwa nini. Kisipojibiwa, hujui kama kimesomwa.

Ni rahisi kumfanya mtunzaji huyo kuwa mbaya wa hadithi, na wengi wamefanya hivyo. Mimi sioni sababu. Kompaila si programu unayoweza kuijaribujaribu. Kosa likiingia humo, linaingia katika kila programu iliyopita mikononi mwake, na anayelaumiwa ni mwandishi wa programu ambaye hana hatia. Unatafuta hitilafu kwenye msimbo wako usiku kucha, kumbe msimbo wako ni safi. GCC ilikuwa inafanya kazi kwenye msururu mrefu wa mashine, nyingine za zamani, na kila badiliko la kuwafurahisha wa Pentium, prosesa ya Intel, lingeweza kumvunjia mtu wa mbali mashine yake. Aliyekaa mlangoni alikuwa na hofu ya haki. Shida ni kwamba foleni ilikuwa imezidi upana wa mlango.

GCC 2.7.2 ilitoka Novemba 1995. Baada yake yakafuata matoleo madogo ya kurekebisha tu, mpaka 2.8.0 ilipokuja Januari 1998. Zaidi ya miaka miwili. Na hiyo haikuwa miaka ya kulala: C++ ilikuwa inaelekea kwenye kiwango chake cha kimataifa cha 1998, na templeti zake (msimbo mmoja ulioandikwa ili utumike kwa aina nyingi za data) zilikuwa zinaishinda 2.7, Pentium zilikuwa zimejaa mezani, Linux ilikuwa inatoka vyumbani mwa wanafunzi na kuingia maofisini.

Angalia alivyokuwa anateseka mtu wa Fortran. Lugha hiyo ndiyo iliyobeba hesabu za wanafizikia na wahandisi, na kompaila yake huru, g77 ya Craig Burley, ilikuwepo na ilikuwa nzuri. Lakini haikuwa ndani ya GCC. Mtu alishusha msimbo wa GCC, akashusha msimbo wa g77 peke yake, akaufungua ndani ya folda ya kwanza, akapachika viraka vilivyotengenezwa kwa toleo lilelile hasa na si jingine, kisha akaanza kujenga. Na GCC hujijenga mara tatu: kompaila iliyopo inajenga mpya, mpya inajijenga yenyewe, hiyo nayo inajijenga tena, halafu matokeo ya raundi ya pili na ya tatu yanalinganishwa baiti kwa baiti. Yakitofautiana, kuna kosa. Kwa mashine za siku zile ulianzisha kazi hiyo ukaenda zako. Ukirudi ukakuta imekwama kwa sababu kiraka kimoja hakikulingana na toleo, unaanza upya.

Wa Pentium nao walikuwa na lao, PGCC, lililotengenezwa ili Pentium ipate msimbo wa haraka zaidi. Cygnus ilikuwa na shina lake la ndani. Kwa maneno mengine, familia ilikuwa imeshagawanyika kimyakimya kabla ya tangazo lolote, kila chumba kikiwa na jiko lake. Hili husahaulika: EGCS ilitoka kwenye GCC kweli, lakini ndani yake ilikuwa ni muungano. Iliwakusanya waliokwisha kutawanyika.

Walichobadili

Tangazo likatoka Agosti 1997. Kwa Kiswahili bado hatujakubaliana tukiite nini kitendo hiki. Nimesikia mtu akikiita "mchepuko", na darasa zima likacheka, maana mchepuko mtaani una kesi nyingine kabisa. Mimi nitabaki na kujitenga.

Waliojitenga walifungua milango kwanza. Ghala la CVS, programu ya kutunza msimbo na historia yake, likawa wazi kwa mtu yeyote kusoma. Nakala za majaribio zikawa zinatolewa mara kwa mara, karibu kila wiki, zikiwa na makosa yake, ili watu wenye mashine za ajabuajabu wazijaribu mapema. Viraka vikajadiliwa hadharani kwa barua pepe, na kukataliwa hadharani pia. Juu yao ikawekwa kamati ya uongozi yenye watu wa kampuni na vyuo tofauti, kwa nia iliyotamkwa wazi kwamba asipatikane mtu, kundi wala kampuni ya kuuteka mradi. Nia hiyo ilihitajika. Seva ilikuwa ya Cygnus, na wahandisi wake walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wakubwa wa mradi; bila kamati hiyo, kusema "Cygnus wameiba GCC" kungekuwa rahisi kuliko kusema habari za asubuhi.

EGCS 1.0 ikatoka Desemba 1997, chini ya miezi minne tangu tangazo. Ndani yake g77 ilikuwa imeshaingia, maktaba ya C++ ilikuja pamoja na kompaila, na kulikuwa na kipanga maagizo kipya kilichotoka maabara ya IBM ya Haifa, kinachoangalia prosesa inayoweza kufanya mambo zaidi ya moja kwa wakati na kuyapanga maagizo ili isikae bure. Vitu hivyo havikuandikwa katika miezi minne. Vingi vilikuwa tayari vimekaa nje, vikisubiri mlango.

Karatasi za Boston

Sasa yale ambayo hawakuyabadili, na hapa ndipo nadhani kisa chenyewe kilipo.

Stallman alikuwa ameweka utaratibu tangu zamani: anayetaka kazi yake iingie GCC anaihamishia hakimiliki taasisi ya Free Software Foundation, FSF kwa kifupi, ambayo wakati huo ilikuwa na makao Boston, Marekani. Utaratibu ulikuwa wa karatasi hasa. Unajibu maswali kwa barua pepe, unatumiwa fomu, unaichapisha, unaisaini kwa kalamu, unaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta. Kama umeajiriwa, mwajiri naye atie saini kwamba hadai umiliki wa ulichoandika, na hapo ndipo wengi walipokwama, kwa sababu wakili wa kampuni hajawahi kuharakisha kitu cha bure. FSF nayo inakurudishia haki ya kuendelea kutumia kazi yako upendavyo. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: mwenye mali mmoja anaitetea mahakamani kwa urahisi kuliko watu mia waliotawanyika, na mwajiri asije siku moja akasema msimbo ule ulikuwa wake.

Leseni ya GPL, ambayo GCC hutolewa kwayo, haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Ukijitenga unaweza kuacha karatasi zote hizo na usivunje sheria yoyote. Kwa mradi unaojitangaza kuwa wa mlango wazi, kuziacha ndiko kungekuwa jambo la kawaida. Zilikuwa kizuizi kikubwa kuliko vyote kwa mchangiaji mpya.

EGCS hawakuziacha. Anayeleta kiraka kikubwa EGCS aliambiwa kwanza apeleke karatasi Boston. Yaani watu wametoka nyumbani kwa sababu hawaelewani na wenye nyumba, wamejenga pembeni, na kila tofali wanaloweka wanaandikisha hati kwa jina la babu. Ukikisoma kisa juujuu unaona ni unyenyekevu uliopitiliza. Ukikisoma kwa makini unaona kwamba siku yoyote FSF ikibadili mawazo, hakuna mstari hata mmoja utakaohitaji kutafutiwa mwenyewe.

Jambo la pili walilolishika ni kuendelea kuvuta mabadiliko kutoka shina rasmi. Kazi ya kuchosha hiyo, isiyo na sifa: unachukua waliyofanya wenzako upande ule, unayapachika kwako, unatatua pale yanapogongana, unajaribu tena kila kitu. Waliifanya. Matokeo yake ni kwamba EGCS ilikuwa na yake pamoja na ya GCC, na GCC haikuwa na ya EGCS. Kila mwezi uliopita ulizidi kuiegemeza mizani upande mmoja, na hakuna aliyelazimika kupiga kelele.

Ili kuona uzito wa karatasi, tazama nyumba ya jirani. Emacs, kihariri cha Stallman mwenyewe, nacho kiligawanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale kampuni ya Lucid ilipotoa toleo lake lililokuja kuitwa XEmacs. Taasisi ileile, leseni ileile, muongo uleule, malalamiko yanayofanana ya mlango mwembamba. XEmacs ilikuwa na mambo mazuri ambayo Emacs iliyatamani kwa miaka. Lakini sehemu za msimbo wake hazikuwa na karatasi, waandishi wengine hawakujulikana walipo, na Stallman alisema mara nyingi kwamba hawezi kuuchukua msimbo usio na hati. Hivyo vilivyokuwa upande wa pili viliandikwa upya, au vikakosekana. Miradi hiyo miwili haikuungana mpaka XEmacs ikachoka.

Mtu anaweza kunijibu kwamba watu wa Emacs walikuwa na ugomvi mkali zaidi wa kibinafsi. Inawezekana. Lakini ugomvi hupoa watu wakizeeka, na hati iliyokosekana mwaka 1992 bado haipo.

Miezi 20

Mwaka 1998 ukawa mwaka wa kompaila mbili. GCC 2.8.0 ikatoka Januari, 2.8.1 miezi michache baadaye, na wengi wakaona yaliyomo humo wameshayapata EGCS.

Si kwamba EGCS ilipokelewa kwa vigelegele kila mahali. Kiini cha Linux cha 2.0 kilikuwa na vipande vya asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine, vilivyoandikwa kwa kuzoea tabia za 2.7.2, ikiwemo tabia ambazo hazikuwa zimeahidiwa na mtu. EGCS ilipoanza kuboresha kwa nguvu zaidi, vipande hivyo vikavunjika. Ushauri ukawa: kiini cha 2.0 kijenge kwa 2.7.2. Hapo palianza mjadala ambao watu wa kompaila na watu wa kiini hawajaumaliza mpaka leo, wa nani mkosaji kati ya kompaila iliyofuata kanuni na msimbo uliokuwa ukifanya kazi jana. Tutaukuta tena chini kidogo.

Aprili 1999 FSF ikakubali. Kazi kwenye shina la zamani ikasimamishwa, na kamati ya EGCS ikateuliwa kuwa ndiyo watunzaji wa GCC. Lililokuwa litoke kama EGCS 1.2 likatoka Julai 1999 kwa jina la GCC 2.95. Ile namba ya ndani, iliyokuwa imekaa kwenye tisini tangu mwanzo ikingoja, ikawa namba ya mbele za watu bila kurudishwa nyuma hata hatua moja. Herufi za GCC nazo zikapewa maana mpya: badala ya Kompaila ya C ya GNU, zikasimamia Mkusanyo wa Kompaila za GNU.

Ukiuliza nani alishinda, jibu linategemea unahesabu nini. FSF ilibaki na jina, hakimiliki na haki ya kuteua. Ilichoachia ni usimamizi wa kila siku. EGCS ilipata mlango na kupoteza jina lake. Kwenye makaratasi, iliyokufa ni EGCS. Kwenye msimbo, lililokoma ni shina la zamani la GCC 2. Kila upande ulikuwa na kitu cha kuonyesha watu wake, na sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati.

Jaribio la kwanza la nyumba mpya

GCC 2.95 ilikuja na kiboreshaji, yaani hatua ya kuifanya programu iende haraka zaidi, kilichokuwa kimewashwa chenyewe ukichagua kiwango cha pili cha uboreshaji. Kieleleze kwa mistari michache ya C:

int f(int *a, float *b) {
    *a = 1;
    *b = 2.0f;
    return *a;
}

Kiwango cha C kinasema eneo moja la kumbukumbu halisomwi kwa aina mbili zisizohusiana. Kwa hiyo kompaila ina haki ya kuamini kwamba a na b, vielekezi vinavyobeba anwani za kumbukumbu, haviwezi kuelekeza mahali pamoja, na kwamba kuandika kwenye b hakujagusa a. Basi inarudisha 1 moja kwa moja, bila kurudi kwenye kumbukumbu kuangalia. Ni haraka, na ni halali. Lakini waandishi wengi wa C wa zamani walikuwa wakipitisha anwani moja kwa vielekezi vyote viwili makusudi, ili wasome biti za namba ya desimali kama namba nzima. Mtu huyo alitegemea kupata 1073741824, ambazo ndizo biti za 2.0. Sasa anapata 1, na hakuna onyo lolote.

Malalamiko yakaja. Wanakompaila walikuwa na jibu tayari, nalo lilikuwa sahihi: soma kiwango. Chini ya mlango wa zamani pengine kiboreshaji hicho kisingeingia kabisa. Kamati mpya ilifanya kitu cha tatu. GCC 2.95.2 ilipotoka Oktoba 1999, kilikuwa kimezimwa. Maelezo ya toleo hilo hayakuwapa haki walalamikaji: yalisema uboreshaji ni halali kwa mujibu wa kiwango, ila umeleta matatizo kwenye msimbo wa zamani, na kwa kuwa maonyo ya kumsaidia mwandishi hayajakamilika, kimezimwa kwa sasa. Kikarudishwa katika GCC 3.0, Juni 2001.

Napenda sana uamuzi huo, kwa sababu haukumwambia mtu yeyote kwamba hakukosea. Uliwapa muda.

Namba iliyochukuliwa na mwingine

Usidhani baada ya hapo ilikuwa amani tupu. Novemba 1999 Red Hat ilitangaza kuinunua Cygnus. Septemba 2000 ikatoa Red Hat Linux 7.0, ndani yake ikiwa na kompaila iliyojiita 2.96. Hakuna GCC 2.96 iliyowahi kutolewa. Red Hat walikuwa wamechukua nakala ya kati kutoka kwenye shina la maendeleo, wakairekebisha na kuifunga. Leseni inaruhusu. Ila programu za C++ zilizojengwa nayo hazikuungana na za 2.95, na hazingeungana na za 3.0.

Mwezi Oktoba kamati ikatoa taarifa kwamba 2.96 si toleo rasmi na haiitambui. Shina la maendeleo likarukishwa hadi 2.97 ili watu wasichanganye. Tazama mzunguko wenyewe: waliojitenga kwa namba ya 2.90 ili washike nafasi ya mbele, mwaka mmoja na nusu baada ya kuwa wenye nyumba, walikuta mtu mwingine amekalia namba yao inayofuata, na baadhi ya wahandisi wa kampuni hiyo wakiwa ni wenzao wa tangu Cygnus.

Na kiini cha Linux? Red Hat 7.0 hawakukijenga kwa 2.96. Waliweka kompaila ya pili pembeni, wakaiita kgcc, kwa ajili ya kiini tu. Ukiiuliza jina, ilijibu egcs-2.91.66. Kiini cha Linux 2.4.0 kilipotoka Januari 2001, nyaraka zake zilitaja 2.91.66 kuwa kompaila ya chini kabisa inayokubalika. Mradi wenye namba hiyo ulikuwa umeshafutwa jina karibu miaka miwili.

Baada ya karatasi

Mwaka 2005 Chris Lattner, aliyekuwa ameanzisha LLVM, mradi mwingine wa kompaila, katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliwaandikia watu wa GCC akipendekeza kompaila yake iunganishwe na yao, na akasema hakimiliki inaweza kuhamishiwa FSF. Hati ilikuwa inakuja yenyewe mlangoni. Halikufuatwa. Mwaka 2015 Stallman alieleza kwamba barua hiyo hakuwa ameiona, na kwamba angependa angeiona. Kufikia hapo LLVM na Clang, kompaila ya C na C++ iliyojengwa juu yake, walikuwa wamejijengea mji wao, kwa leseni yao, na suala la kuungana lilikuwa limekufa.

Kisha Juni 2021 kamati ya GCC ikatangaza kwamba karatasi za Boston si lazima tena. Anayetaka kuhamishia FSF hakimiliki aendelee. Asiyetaka anaongeza mstari mmoja wa sahihi chini ya kiraka chake, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa, basi. Kwa mchangiaji mpya ni nafuu kubwa, na ningekuwa kwenye kamati hiyo huenda ningeunga mkono. Lakini tangu siku ile, atakayejitenga na GCC hatakuwa na babu mmoja wa kumwandikishia hati, na FSF haiwezi tena kudai kwamba kila mstari ulio mle ni wake.

Fungua kompyuta yako yenye Linux uandike gcc --version. Mstari wa kwanza utakutajia namba. Wa pili bado unasema hakimiliki ni ya Free Software Foundation, Inc.